Nyumba Yako Inaanzia Hapa

Mara ya kwanza Frida alidhani ni upepo.

Alikuwa amekaa mbele ya televisheni ndogo katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Gozbert, mjini Ngara, hedifoni zikiwa masikioni, deki mbili za video zikinguruma juu ya meza, moja ya kuchezea kanda na nyingine ya kurekodia. Kilikuwa kiangazi cha mwaka 1996, na vumbi la malori ya chakula yaliyokuwa yakienda kambini lilikuwa limeingia mpaka ndani ya makasha ya kanda. Kwenye kioo alisimama mzee Matiasi, suti ya kijivu, kofia ngumu ya njano kichwani, nyuma yake lundo la magogo. Alinyoosha mkono na kusema maneno aliyokuwa ameyakariri asubuhi nzima:

"Matiasi Mbao na Nguzo. Nyumba yako inaanzia hapa."

Kisha akatabasamu na kutulia, kama Gozbert alivyomwelekeza, ili mhariri apate pa kukatia. Na katika ule utulivu kitu kikasema, taratibu mno, karibu na kipaza sauti kuliko Matiasi mwenyewe:

"Na yangu?"

Frida akarudisha kanda nyuma. Akaongeza sauti. "Nyumba yako inaanzia hapa." Tabasamu. Pumzi moja ndefu, kama ya mtu aliyepanda mlima. "Na yangu?"

Akavua hedifoni na kumwita Gozbert.

Gozbert alikuwa Mhaya wa Muleba. Alikuja Ngara na kamera moja ya harusi mwaka wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo, akakuta kazi zimejaa tele. Mashirika yalitaka picha za visima, za zahanati, za foleni za mahindi. Halafu biashara za kambini zikawatajirisha watu, na waliotajirika wakaanza kutaka kuonekana. Matiasi, mfanyabiashara wa mbao wa Biharamulo, ndiye wa kwanza kuagiza filamu kamili ya kutangaza kampuni: muziki, msimulizi, mahojiano, kila kitu, ionyeshwe Mwanza mbele ya wanunuzi wakubwa. Gozbert alikuwa amemwambia Frida kwamba filamu hii ikipendwa, hawatarekodi tena harusi maisha yao yote.

Frida aliitaka kazi hiyo kuliko yeye. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwao Mugoma, akaacha chaki kwa sababu kila aliyemsikia alimwambia sauti yake ni ya redioni. Sasa ndiye aliyeandika maneno ya filamu, ndiye aliyekata na kuunganisha picha, na sauti ya msimulizi ilikuwa yake.

Gozbert aliweka hedifoni masikioni, akasikiliza, akakunja uso. Akasikiliza tena.

"Nani alikuwa nyuma yako siku ile, kaka Gozbert?"

"Hakuna. Wafanyakazi walikuwa ng'ambo ya barabara wanakula. Mimi na mzee tu." Akavua hedifoni, Kihaya kikamponyoka. "Waitu, sehemu yenyewe ilikuwa mbaya ile."

Sehemu yenyewe iliitwa Ihanga. Kilikuwa kijisitu huko Kaniha, upande wa Biharamulo, katikati ya mashamba ya watu. Vilima vyote vya jirani vilikuwa vimekwanguliwa kwa ajili ya kuni na nguzo za kambi, lakini Ihanga ilikuwa bado imesimama, kwa kuwa hakuna mwanamke wa pale aliyeokota hata kijiti ndani yake. Matiasi alipata kibali, vijana wa kijiji wakakataa kushika misumeno, akaleta wa mbali. Gozbert alirekodi mti wa mwisho ukianguka. Ndiyo iliyokuwa picha nzuri kuliko zote katika filamu: mti unainama polepole, anga jeupe linafunguka nyuma yake.

"Ulipoanguka," alisema Gozbert, akishusha sauti ingawa walikuwa wawili tu, "nilisikia harufu ya maziwa. Maziwa yaliyolala. Nikageuka kutafuta ng'ombe."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Futa hiyo sauti, weka muziki juu yake. Mzee anakuja kutazama Jumamosi."

Frida akafuta. Akaweka ngoma na filimbi. Lakini alipoinuka kwenda kunywa maji alisikia harufu ya mbao mbichi chumbani, kali, kama mtu amepitisha msumeno dakika hiyo hiyo, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya maziwa.

Kesho yake walirekodi sauti ya msimulizi. Walitundika mablanketi madirishani, wakaisogeza jenereta mbali uani, Restituta, mke wa Gozbert, akawanyamazisha watoto. Frida alisoma karatasi yake bila kukwama hata mara moja. Gozbert alimwonyesha dole gumba kwa furaha. Ndipo wakaicheza kanda wasikilize.

"Kila nguzo huchaguliwa kwa uangalifu," ilisema sauti ya Frida, tamu, yenye uhakika. "Kila ubao hukaushwa ipasavyo. Sina pa kulala."

Gozbert akasimamisha kanda. Wakatazamana.

"Umesema hivyo?"

Frida alitaka kujibu hapana. Alifungua mdomo, na koo lake likatoa mkwaruzo tu, kama mtu aliyepiga kelele tangu asubuhi. Alimeza mate, akajaribu tena, na kilichotoka kilikuwa mnong'ono: "Sikusema."

Nyumbani kwa Gozbert alikuwapo mwanamke mmoja aliyeteka maji na kupika, mkimbizi wa kutoka Rwanda aliyeitwa Uwimana. Hakuna aliyemwita kwa jina hilo. Kwa heshima walimwita mama Ineza, kwa jina la mwanawe wa pekee, binti wa miaka sita aliyemponyoka mkononi katika msongamano wa darajani siku walipovuka. Alikuwa amepata nafasi ya kazi kambini, katika jiko la shirika moja, kazi nzuri kuliko hii, akaikataa. Alikuja kwa Gozbert kwa sababu ya kanda. Shirika fulani lilikuwa limemwajiri Gozbert kurekodi watoto waliopotezana na wazazi, mmoja mmoja, wakitaja majina yao mbele ya kamera, na kanda hizo zilikuwa bado kabatini. Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, mama Ineza aliketi kwenye mkeka mlangoni mwa chumba cha kuhariria na kumwomba Frida amwekee moja. Alizitazama zote, akazirudia zote. Wakati mwingine aliongea na kioo kwa lugha yao, akimwita binti yake, akimbembeleza, akiiga sauti yake ya kitoto alivyokuwa akiomba maji. Frida alikuwa akigeuza uso ili asimwone.

Jumamosi ilipofika Matiasi alikuja na gari lake, akiwa amevaa suti ile ile. Walimkalisha kwenye kochi sebuleni, televisheni kubwa ikawekwa juu ya meza, Restituta akakaa pembeni, Frida akasimama karibu na deki, shingoni kajifunga kitambaa. Ilikuwa saa tisa za mchana, madirisha wazi, kuku wakiparua uani.

Filamu ilikwenda vizuri. Matiasi alicheka kwa furaha alipojiona akikagua misumeno. Frida alikuwa ameikata sauti yake yote mahali ilipoharibika na kuunganisha upya kwa makini, na aliisikiliza sasa neno kwa neno, mpaka mti mkubwa ukainama, anga likafunguka, Matiasi akasema maneno yake ya mwisho na kutabasamu. Mama Ineza alikuwa anaingia na sinia la chai.

"Mama," ilisema televisheni. "Mama, ndi hano."

Mama, nipo hapa. Ilikuwa sauti ya mtoto.

Mama Ineza aliliweka sinia sakafuni polepole, asimwage hata tone. Akaenda mpaka kwenye televisheni, akapiga magoti, akapitisha kiganja chake nyuma ya kasha lake kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto aliyelala.

"Sehemu hiyo ya mtoto nimeipenda," alisema Matiasi. "Inagusa. Ila kwa nini kwa Kinyarwanda? Watu wa Mwanza hawataelewa."

Gozbert alikuwa ameruka kuchomoa waya ukutani, kioo kikazimika na taa ya deki ikazimika, na uani jenereta ikaendelea kutetema kama kawaida, kuku wakaendelea kuparua, lakini sauti haikuzimika, iliendelea kutoka ndani ya kile kioo cheusi kilichowaonyesha wao wenyewe wamesimama midomo wazi, ikiita mama, mama, mara karibu mara mbali, ikipungua na kuwa kilio kidogo cha mtoto anayejaribu kutosikika, na kadiri ilivyolia ndivyo Frida alivyoshika shingo yake kwa mikono miwili, kwa sababu kila kilio alikihisi kikipita kooni mwake kwanza.

Matiasi aliaga kwa haraka. Alisema ana mgeni Biharamulo.

Baada ya siku hiyo Frida hakuweza tena hata kunong'ona vizuri. Mama Ineza naye hakutaka kutoka chumba cha kuhariria. Waliikuta televisheni imegeuziwa mkeka wake, imezimwa, naye ameketi mbele yake anaongea kwa sauti ya chini, anasikiliza, anaongea tena. Chakula chake alikigawa mara mbili. Nusu aliiweka kwenye kisahani kando yake, na jioni, alipokuja kukusanya vyombo, Restituta aliikuta imeganda na kufunikwa na utando kama wa maziwa.

Restituta alimleta katekista. Walisali litania wote pamoja, magoti kwenye saruji. Katekista alitaja watakatifu, wao wakajibu utuombee. Ilipita muda kabla Frida hajatambua kwamba baada ya kila jibu, watu wote wakiwa wameshanyamaza, kulikuwa na utuombee mwingine mmoja uliochelewa kidogo, na kwamba ulikuwa kwa sauti yake yeye, ile safi ya zamani, ilhali midomo yake imefumba. Katekista alimaliza sala kwa kuruka majina mengi, akaondoka bila kunywa chai.

Kisha asubuhi moja mama Ineza hakuonekana. Dereva wa lori alimrudisha mchana. Alikuwa amemkuta mbali, amepita Kasulo, anatembea peku kuelekea Biharamulo, amepasuka nyayo, amejitanda kitenge, anajibu mtu ambaye dereva hakumwona.

Frida alimwosha miguu. Alisogeza mdomo sikioni mwake ili mkwaruzo wake usikike.

"Ulikuwa unakwenda wapi, mama Ineza?"

"Aliniambia nimpeleke kwake. Tukaenda. Njiani akalia, akasema kwake hakupo tena, pamebaki visiki." Alitazama miguu yake majini. "Usiku anatembea kila chumba, dada Frida. Anagusa kuta. Wewe humsikii?"

Frida alikuwa anamsikia.

Gozbert ndiye aliyekwenda Kaniha. Alirudi na mwanamke wa makamo aliyeitwa Felisita, Msubi, muuza dagaa sokoni, mwenye kanga iliyonuka samaki na uso wa mtu aliyekatishwa shughuli zake. Ukoo wake ndio uliokuwa ukiitunza Ihanga, tangu mababu, kwa kumwaga maziwa kidogo pembeni mwa msitu kila ng'ombe alipozaa. Aliamkiwa na kila mtu, akaitikia, akakataa kiti.

"Mnataka nimfukuze," alisema. "Ameshafukuzwa. Mimi nitaongea naye tu, aseme anataka kwenda wapi. Huyo aliyekata miti yuko wapi?"

"Yuko Biharamulo," alisema Gozbert. "Hataki kuja."

"Sawa. Leteni hicho chombo chenu uani. Na kamera iliyomwona."

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Waliweka televisheni juu ya ardhi, kamera juu ya miguu yake mitatu, Felisita akazungushia majivu, akamimina maziwa katika kibuyu na kukiweka katikati. Mama Ineza alikaa mlangoni. Felisita akamshika Frida mkono na kumkalisha ndani ya duara la majivu.

"Kwa nini mimi?" Frida alikwaruza.

"Umempa sauti yako kwenye mashine. Hana nyingine. Tulia, usiogope, au ogopa lakini tulia."

Akaanza kuita kwa Kisubi, si kwa ukali, kwa namna ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya jirani mgonjwa. Kwa muda halikutokea jambo. Halafu harufu ya mbao mbichi ikaja, ikajaa uani, ikamfanya Restituta akohoe, na Frida naye akataka kukohoa, akafungua mdomo, na badala ya kikohozi yakatoka maneno, sauti yake mwenyewe nzuri, ile ya kuuza mbao na nguzo, ikitiririka bila yeye kuisukuma, na alichoweza kufanya ni kukaa mikono mapajani na kuisikiliza kama alivyokuwa akiisikiliza kwenye hedifoni.

"Nilikaa pale kabla ya barabara," ilisema. "Wakanitoa. Jicho la kioo lilikuwa wazi nikaingia humo. Ndani ni padogo, watu wanapita wanapita hawakai. Nimekwenda kambini. Nyumba za kule ni za karatasi, upepo unaingia, hazina pembe ya kujikunja. Nimechoka."

"Nitakupeleka msitu wa Burigi," alisema Felisita.

"Una wenyewe."

"Kimisi."

"Una wenyewe. Walinirushia mawe."

"Basi ziwani."

"Huko nako wapo. Kila mahali wapo, nikibisha hodi wananiuliza natoka wapi."

Frida alimwona Felisita akifuta jasho kwa upande wa kanga, na kwa mara ya kwanza aliogopa kwa dhati, kwa sababu mwanamke yule alionekana hana tena pa kutaja.

"Basi sema mwenyewe. Wapi?"

Mkono wa kulia wa Frida ukainuka. Hakuuinua yeye. Ukainuka taratibu kama mkono wa mtu aliye usingizini, vidole vikafunguka, ukaelekea mlangoni.

"Kwa yule pana nafasi," ilisema sauti.

"Hapana," alisema Felisita upesi. "Yule ni mtu. Rudi kwenye kibuyu."

"Aje," alisema mama Ineza.

Wote wakageuka. Alikuwa amesimama.

"Nyamaza, mama," alisema Felisita. "Hujui unachosema. Huyo si mwanao. Ameiokota sauti ya mtoto kwa sababu wewe mwenyewe uliileta humu, ukiiga kila siku mbele ya hicho kioo. Hamjui mwanao. Hajawahi kumwona."

"Mnafikiri sijui?" Mama Ineza hakupaza sauti. "Mimi nilimzaa. Ninajua sauti yake ilivyokuwa akidanganya, akiwa na homa, akiwa na njaa. Huyu anakosea. Neno la maji analitamka vibaya. Najua si yeye tangu siku ya kwanza."

"Sasa?"

"Analia. Na mimi ninapo mahali, pamekaa bure. Nyote mmetaja misitu, mmetaja ziwa, hakuna aliyesema aje kwangu. Aje."

"Akiingia sitaweza kumtoa," alisema Felisita. "Sikiliza vizuri. Si mimi wala mtoto wangu wala padri."

Mama Ineza alikuwa ameshafungua kitenge chake. Aliingia ndani ya majivu, akageuza mgongo mbele ya televisheni, akainama kama wanavyoinama kina mama wote wanapopandisha mtoto, akarusha kitenge mgongoni, akakivuta kwapani na kukifunga kifuani. Kitenge kilikuwa kimelala mgongoni pake, kitupu. Halafu kikajaa. Kilishuka kidogo chini, kama kitu kilichojipanga vizuri, kikavimba mviringo, fundo la kifuani likakaza mpaka likamminya nyama, na mama Ineza akayumba mbele hatua moja, akapata nguvu, akaanza kujitikisa kushoto na kulia, kushoto na kulia, akivumisha wimbo wa lugha yao usio na maneno, na harufu ya mbao ikapungua, ikapungua, mpaka uani pakabaki harufu ya dagaa wa Felisita na moshi wa jenereta.

Frida akalia. Ndipo aliposikia kwamba analia kwa sauti.

Maziwa ya kwenye kibuyu yalikuwa yamekwisha. Felisita alikikung'uta kibuyu, akakitia kwenye kapu lake, akaomba atafutiwe gari la kurudi. Alipofika langoni alimwambia Frida bila kumtazama, "Mimi nilikuja kumhamisha. Kumpa mtu sikutaka. Ukiulizwa, useme hivyo."

Filamu ilikamilika. Frida aliyasoma upya maneno ya msimulizi, na kila alipomaliza sentensi palifuata ukimya wa kawaida. Huko Mwanza wanunuzi waliipigia makofi, na Matiasi akapata kazi ya kupeleka nguzo mpaka Shinyanga. Lalamiko lake lilikuwa moja tu, kwamba wamemwondolea kile kipande cha mtoto. Kabla ya Novemba wenye hoteli na wenye malori wa Biharamulo walikuwa wanapanga foleni kwa Gozbert, na sauti ya Frida ikawa inatangaza sabuni, magodoro, na basi la kwenda Kahama.

Mama Ineza aliacha kazi kwao. Alirudi kuishi kambini, Benaco. Waliomwona walisema amenenepa, anacheka, na kwamba majirani zake walihama mmoja mmoja bila kugombana naye. Frida alijiambia kila Jumapili kwamba atakwenda kumsalimia. Hakwenda.

Mwezi wa Desemba serikali ikatangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao. Shirika moja likamkodi Gozbert arekodi safari hiyo, naye akampa Frida kamera ya pili. Mvua ilikuwa ikinyesha mfululizo. Frida alisimama kando ya barabara ya Rusumo chini ya mwavuli uliofungwa kwenye miguu ya kamera, na watu wakapita mbele yake tangu alfajiri, barabara nzima, hawana mwisho: magodoro vichwani, masufuria, mbuzi, wazee kwenye baiskeli, watoto waliofungwa kamba viunoni ili wasipotezane. Alirekodi kanda baada ya kanda. Jicho lake lilikuwa kwenye kamera alipomwona.

Mama Ineza alikuwa akitembea ukingoni mwa umati, na umati, uliobanana kiasi kile, ulikuwa umemwachia nafasi upande wake wa kushoto. Alibeba kipande cha turubai ya plastiki, amekinyoosha kando, chini, usawa wa kiuno. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa chapachapa. Frida aliondoa jicho kwenye kamera, akaizima.

"Dada Frida!" Mama Ineza alifurahi kwa kweli. Aliacha mstari, akaja, wakashikana mikono. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Unaona, tunakwenda nyumbani."

"Safari njema, mama Ineza. Mungu awatangulie." Alijisikia akisema awatangulie, na hakuweza kulirudisha neno. "Umechoka? Mbona humbebi tena?"

"Amekua. Siku hizi anatembea mwenyewe. Mgongo wangu usingemweza." Alitazama chini ya turubai kwa fahari. "Na Kiswahili amejifunza hapa hapa. Haya, msalimie dada. Usiwe na haya."

Watu waliendelea kupita. Mbuzi mmoja alifika karibu nao, akagoma, akaburutwa kuzunguka mbali. Frida aliutazama udongo mwekundu chini ya turubai, ulivyokanyagwa na kutota, na alisubiri, na mwili wake wote ulitaka kukimbia, lakini alikumbuka uani, alivyokaa ndani ya majivu yeye akiwa na baba na mama na nyumba Mugoma, hakusema aje kwangu, wala hakuna aliyesema, isipokuwa mmoja ambaye hakuwa na hata paa.

"Shikamoo," ilisema sauti ndogo, karibu na goti lake. Haikuwa sauti ya Frida wala haikuwa ya kuigiza. Ilikuwa mpya.

Babu yake Frida alikuwa amewakataza wote, tangu wadogo, kuitikia kisichoonekana.

"Marahaba," alisema Frida.

Mama Ineza alicheka, akafuta maji usoni, akageuka kurudi kwenye mstari. Frida alimshika bega.

"Mfunike vizuri," alisema. "Mvua inazidi."

Mama Ineza akashusha turubai chini zaidi, akaikunja upande wa upepo, wakaingia barabarani wakielekea darajani, polepole, kwa hatua fupi.